Ukuta na Walio Ndani Yake: Kutoka Mikindani hadi Newala

Siku moja nilialikwa kuzungumza juu ya ushairi mbele ya wanafunzi wa sekondari katika Mkoa wa Mtwara. Nilipomaliza, kijana mmoja wa nyuma kabisa aliinuka, akaniamkia kwa heshima, kisha akaniuliza swali ambalo halikuhusu ushairi hata kidogo. Alikuwa amesoma habari za Ukuta Mkuu wa China, ule upandao milima na kushuka mabonde, nao ulikuwa umemkaa moyoni. "Mzee," akasema, "wenzetu wana ukuta mlimani. Je, sisi tuna nini?"

Nikajibu upesi, kama afanyavyo mtu asiyetaka kushindwa mbele ya vijana, "Sisi tuna Boma la Mikindani, juu ya kilima, si mbali na hapa." Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Lakini mzee, lile si la Wajerumani?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka pamoja nao, lakini moyoni nilijua kwamba nimeulizwa jambo la haki na sikuwa na jibu. Haya niandikayo ni jibu langu kwa kijana yule, nililolitafuta kwa miguu yangu mwenyewe, nikianzia Mikindani kwenye ufuko na kuishia Newala kwenye ukingo wa nyanda za juu za Makonde.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Boma, katika Kiswahili cha asili, ni uzio: miti iliyochomekwa ardhini, au miiba iliyorundikwa kuzunguka kijiji au zizi, ili adui na simba wabaki nje. Wageni walipokuja kututawala walijenga nyumba za mawe zenye kuta nene, wakaweka humo askari, karani, sanduku la kodi na chumba cha wafungwa, nasi tukaziita nyumba hizo maboma. Tangu hapo mtu akisema "naenda bomani" humaanisha kwamba anakwenda ofisini kwa serikali. Neno lililokuwa la mwanakijiji ajilindaye likawa neno la mtawala ajilindaye dhidi ya mwanakijiji. Katika badiliko hilo la neno moja imo historia ya miaka mingi.

Mji wa Mikindani uko kwenye hori tulivu, yapata kilomita kumi kutoka Mtwara mjini, na siku hizi miji hii miwili imo katika manispaa moja. Ni mji wa kale wa majahazi. Misafara ya bara ilishuka hapa kutoka bonde la Ruvuma ikileta pembe za ndovu, sandarusi, na baadaye mpira. Ilileta pia watu waliofungwa minyororo, na jambo hili tusilifiche. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, lakini hata leo chini ya kilima cha Boma pana jengo ambalo wenyeji huliita Soko la Watumwa. David Livingstone alishukia hapa mwezi Machi 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara, safari ambayo hakurudi kwayo akiwa hai. Kwa hiyo Mikindani haukuwa mji mdogo uliosahauliwa na dunia. Ulikuwa mlango, na kwa mlango huo yalipita mema na mabaya.

Nilipanda kilima asubuhi, kabla ya jua kukaza. Boma limesimama juu ya mji, jeupe, lenye ua katikati na mnara utazamao bahari. Mtu akisimama pale juu huona mapaa ya mji wote chini yake, minazi, misikiti, na hori lote hadi linapofunguka baharini. Lilijengwa mwaka 1895. Nilipokuwa nimesimama pale nilijiuliza: mwenye kujenga kuta nene namna hii alikuwa akimwogopa nani? Jibu halikuwa baharini, kwa maana bahari wakati ule ilikuwa yao. Jibu lilikuwa mjini, na zaidi ya mji, bara.

Kwa hakika walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutwaa madaraka katika miji ya pwani, kwa mkataba iliyoupata kwa Sultani wa Unguja. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa pili wake, Septemba, upinzani uliowaka Pangani chini ya Abushiri bin Salim ulienea hadi kusini. Watu wenye silaha walishuka kutoka bara wakaungana na wenyeji, na mawakala wa Kampuni waliokuwa Lindi na Mikindani wakalazimika kukimbia. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bendera ya Kampuni haikuwa na mahali pa kupepea katika mji huu. Ndipo serikali ya Ujerumani ilipomtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani na watu wa kusini mwa Msumbiji, na mwezi Mei 1890 Kilwa, Lindi na Mikindani zikatekwa moja baada ya nyingine. Boma la mwaka 1895 ni mtoto wa mwaka 1888. Aliyefukuzwa mara moja hurudi na mawe.

Hata hivyo, mawe yenyewe aliyapata wapi? Hapa ndipo nilipoanza kupata jibu la kijana wangu. Ukutani, mahali lipu ilipobanduka, mtu huona matumbawe: jiwe la bahari lenye vitundu vitundu, jepesi kuliko linavyoonekana. Limeshikwa kwa chokaa. Jiwe hilo na chokaa hiyo ndizo zilizojenga misikiti ya Kilwa Kisiwani karne nyingi kabla Mjerumani hajaijua njia ya pwani hii.

Chini mjini nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa fundi katika ujana wake. Nilimwamkia, akanikaribisha barazani, nikamwomba anieleze kazi ya chokaa. Alinieleza kwa utulivu, kana kwamba ananifundisha sala. Magogo ya mikoko hupangwa kwa duara, matumbawe hurundikwa juu yake, moto ukatiwa na kuachwa ule mpaka uzimike wenyewe. Jiwe lililoungua humwagiwa maji, likapumua na kuwa unga, kisha unga ule huachwa ukakaa muda mrefu kabla ya kuguswa. "Chokaa haitaki haraka, mwanangu," akaniambia. "Ukiichoma leo ukajengea kesho, ukuta utakutukana mbele ya watu." Nikamuuliza, "Babu, Boma lile juu ni kazi ya nani?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ya hori ni ya nani. "Amri ilikuwa yao," akasema. "Kujua kulikuwa kwetu."

Neno hilo nalilinganisha na nyumba za mji. Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe ya Mikindani, utaona kwamba vyumba ni vyembamba na virefu. Sababu yake ni boriti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko hautoi boriti ya kuzidi sana mita tatu, hivyo upana wa chumba ulipimwa na mti wa baharini. Mwalimu wa hisabati aweza kuwafundishia wanafunzi wake somo zima kwa nyumba hizo.

Lakini kijana aliniuliza juu ya ukuta mlimani, nami sikutaka kuishia pwani. Nikasafiri kwenda Newala, kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba. Nyanda za juu za Makonde zina tabia ya ajabu: mtu atokaye pwani hupanda bila kujua kwamba anapanda. Nchi huinuka polepole, mikorosho ikifuatana na mikorosho, mpaka afikapo Newala, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, ndipo ghafla ardhi humkatikia miguuni. Mahali hapo huitwa Shimo la Mungu. Chini, mbali sana, liko bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Karibu na hapo, ukingoni mwa mji, liko boma la kale la Wajerumani.

Kabla ya boma hilo kuwapo, nchi hii ilikuwa na ukuta wa namna nyingine, nao haukuwa wa mawe. Ulikuwa msitu. Katika karne ya 19 nyanda hizi zilifunikwa na kichaka kizito kilichosukwa kwa miiba na mitambaa, na Wamakonde walijenga vijiji vyao ndani yake, wakiacha vijia vyembamba ambavyo mgeni hakuweza kuvitambua. Udongo ni wa kichanga na maji ya mvua huzama upesi. Chemchemi ziko chini, kwenye miguu ya miteremko, na akina mama walitembea saa nyingi kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Mtu aweza kuuliza kwa nini watu wakae mbali na maji kiasi hicho. Sababu ni kwamba mabondeni ndiko walikopita wateka watumwa, na ndiko walikopita wapiganaji wa Kingoni, ambao mwaka 1882 waliivamia Masasi na kuwateka watu wengi, hata baadhi ya wamisheni wakahamia huku Newala kwa Matola, kiongozi wa Wayao. Wamakonde walichagua kiu kuliko mnyororo. Ukuta wao walilipia kila siku, kwa shingo za mama zao.

Ndani ya ukuta huo wa majani, mahali paitwapo Luagala, ambapo leo ni katika Wilaya ya Tandahimba, alikaa Machemba, kiongozi wa Wayao. Mwaka 1890 Wissmann alimwita ashuke pwani kujisalimisha. Machemba alimjibu kwa barua, na barua hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Alikubali biashara, alikubali urafiki, lakini alisema kwamba hakuona sababu ya kumtii mtu ambaye ni kiumbe wa Mungu kama yeye, na kwamba hashuki. Wanafunzi wetu na wazingatie: hati hiyo ya kukataa utumwa wa kisiasa iliandikwa katika lugha wanayoisoma darasani, tena na mtu wa bara.

Majeshi ya Kijerumani yalipanda kumtafuta, yakarudi bila ushindi. Yalipowekwa masharti ya kodi ya nyumba mwaka 1898, aliikataa pia. Ilikuwa mwaka 1899, kwa jeshi kubwa zaidi, ndipo Machemba alipolazimika kuvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Miaka tisa ilikuwa imepita. Sisemi kwamba alikuwa mtu asiye na doa; viongozi wengi wa zama zile walipata bunduki kwa biashara ya misafara, na tumekwisha kuona misafara ilibeba nini. Nasema tu kwamba bila jiwe moja juu ya jingine alisimama miaka tisa.

Sasa tumtazame mwenzake wa Uhehe. Mkwawa alijenga Kalenga ngome ya mawe, nayo ilikuwa na sifa nchi nzima. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani, wakiongozwa na Gavana von Schele, waliishambulia kwa mizinga na kuiteka. Ukuta ulianguka kwa siku chache, lakini Mkwawa hakuanguka nao. Aliingia porini, na watu wake wakamlisha na kumficha hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua asikamatwe. Yaani ngome ilimlinda kwa siku, watu wakamlinda kwa miaka karibu minne.

Na boma la Newala je? Mwaka 1916 Ureno iliingia katika vita dhidi ya Ujerumani. Majeshi yake yalivuka Ruvuma mwezi Septemba, na mwishoni mwa Oktoba yakalitwaa boma la Newala. Tarehe 22 Novemba Wajerumani waliwashambulia na kuwatenga na maji, yale maji ya chini ambayo akina mama wa Kimakonde waliyajua kwa nyayo zao. Wareno walikuwa na kuta, bunduki na risasi, ila ndoo zao zilikuwa tupu. Usiku wa tarehe 28 walitoka kimya kimya wakakimbilia mtoni. Mgeni alirithi kilima bila kurithi elimu ya kilima. Wala tusisahau kwamba wazungu hawa wawili walipopigania nyumba ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, mizigo ya pande zote mbili ilibebwa na Waafrika, nao walikufa kwa wingi kuliko askari.

Hata ule Ukuta wa China uliomvutia kijana wangu hauna habari tofauti. Watawala wa nasaba ya Ming waliujenga na kuuimarisha kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1644 Wamanchu waliingia kwa lango la Shanhaiguan, na hawakulivunja: jemadari Wu Sangui, aliyekabidhiwa kulilinda, aliwafungulia. Jiwe halikumsaliti mtu. Aliyesaliti alikuwa na moyo na ulimi.

Usiku ule nikiwa Newala nilijaribu kuyafunga mawazo haya katika ubeti, kama ilivyo desturi yangu:

Ukuta si mawe yake, yaliyoshikwa chokaa,
Ukuta ni watu wake, ndani yake waokaa,
Ngome na maji si yake, siku sita ni balaa,
Machemba alikataa, mwituni pasi ukuta.

Huenda msomaji akasema: basi, ikiwa ukuta si mawe, mawe yana kazi gani? Tuyaache yaanguke. Hapo sina budi kuungama jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa karani kijana katika mji mmoja wa pwani, liliwekwa mezani pangu jalada la nyumba ya kale ya mawe iliyokuwa imepasuka. Niliandika mistari minne, kwa mwandiko mzuri niliojivunia, kwamba jengo ni la hatari, halina matumizi, na yafaa libomolewe. Sikwenda kulitazama. Likabomolewa. Mawe yake yakajaziwa msingi wa ghala, na mlango wake wa nakshi sikujua ulikokwenda. Mwaka uliofuata alikuja mzee mmoja ofisini, hakupiga kelele wala hakulaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wakati unaandika, ulijua babu zako walizichoma vipi chokaa zile?" Sikujua. Niliyafuta kwa kalamu mambo ambayo sikuweza kuyasoma.

Mikindani nayo ilikaribia kufutwa hivyo hivyo. Waingereza waliuchukua mji mwezi Septemba 1916, nao wakaendelea kutawala kutoka katika Boma lile lile. Baada ya mwaka 1947, mpango wa karanga ulipohitaji bandari ya kina kirefu, kazi zilihamia Mtwara, na mji wa kale ukabaki na majahazi yake. Boma lilichakaa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, lilipokarabatiwa kwa juhudi za shirika la hisani la Trade Aid kutoka Uingereza, na kufanywa hoteli. Tushukuru kwamba halikuanguka. Lakini nyumba za chini, zile za wenyeji, hazina mfadhili wa namna hiyo. Kila masika huondoka na ukuta mmoja, na kila fundi mzee azikwapo huzikwa pamoja na elimu ambayo haikuandikwa katika jalada lolote.

Kwa hiyo, ndugu walimu, nawaombeni jambo dogo. Mnapowapeleka vijana Mikindani, msianzie juu kwa bendera na majina ya magavana. Anzieni chini, barazani kwa wazee. Mwanafunzi na amuulize fundi jinsi chokaa inavyochomwa, aandike jibu lake kwa Kiswahili safi, na daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule. Wa Newala na wateremke mara moja hadi chemchemini na kupanda tena na ndoo kichwani, kisha ndipo wasome habari za Novemba 1916. Somo la namna hiyo haligharimu fedha nyingi, wala halihitaji ruhusa ya mbali.

Nawe, kijana uliyeniuliza, popote ulipo sasa, nakujibu nikiwa nimechelewa. Uliposema kwamba Boma lile ni la Wajerumani, ulisema kweli nusu. Hofu iliyolijenga ilikuwa yao. Matumbawe, chokaa na mikono vilikuwa vya watu wa pwani hii, na walioogopwa walikuwa babu zako. Nenda kalitazame tena. Ukifika, pitia kwanza kwa mzee wa barazani, umwamkie, maana sidhani kama atatungoja sana.